Tabora mpaka Kigoma na gari inayochemsha

Gari ni Corolla 110, ile yenye injini ya 5A, nimekaa nayo mwaka wa nne sasa. Mi ni mwalimu wa fizikia sekondari hapa Tabora, kwa hiyo aibu ya hii safari ni yangu mara mbili, mtaona. Binti wa shangazi alikuwa anaolewa Kigoma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, siku za treni hazikukaa vizuri na ruhusa niliyopewa na mkuu wa shule, nikamwambia baba mdogo basi tutaenda na gari. Baba mdogo ni mstaafu wa reli, ujana wake wote kaumalizia chini ya vichwa vya treni na spana mkononi. Akaniuliza swali moja tu, "Hiyo gari yako maji inakunywa?" Nikamwambia baba mdogo hii haijachemsha tangu mwezi wa tano, mshale hata nusu haufiki. Akaguna. Lile guno ningelisikiliza tungefika siku hiyo hiyo.

Siku ya kwanza, Jumatano

Tumetoka Isevya saa tatu na nusu wakati mpango ulikuwa saa kumi na mbili, shauri ya madumu mawili ya asali ambayo mama kayakumbuka tumeshawasha gari. Mizigo mingine karanga nusu gunia, mchele, na begi la suti ya baba mdogo ambalo hataki liguswe wala kuwekewa kitu juu. Jua la Tabora la mwezi wa kumi mnalijua, mvua bado, porini miti ndo kwanza inatoa majani mapya mekundu mekundu na lami kwa mbali inaonekana kama imemwagiwa maji.

Mpaka Ndono hamna shida, kilomita arobaini na kitu, nilikuwa natembea sabini, themanini, tunapiga stori. Baada ya Ndono barabara imenyooka nikakanyaga mia, mia na kumi. Kama dakika kumi hivi baba mdogo akanyoosha kidole kwenye dashibodi bila kusema neno. Mshale wa hiti, ambao miezi mitano umelala chini, umevuka nusu na unaendelea kupanda. Nikaachia mafuta mpaka sitini, ukashuka. Nikasema ah, labda upepo, nikakanyaga tena mia, ukapanda tena na safari hii ukakaribia mstari mwekundu kabisa. Baba mdogo akachomoa kalamu kwenye mfuko wangu wa shati akaandika nyuma ya risiti ya sheli: "100 unapanda. 60 unashuka." Nikajua mzee anajifurahisha tu.

Tukaingia Urambo pole pole. Mi nataka nizime gari haraka, akanizuia, "Iache iungurume kidogo mwanangu, nione." Tukaacha iungurume chini ya mwembe. Feni ikawaka, ikazima, baada ya muda ikawaka tena, na mshale ukarudi chini ya nusu gari ikiwa imesimama. Akaandika: "Imesimama, sawa. Feni sawa." Ndo akaniruhusu kuzima.

Sasa ukifungua boneti barabarani unapata washauri bila kuwaita. Vijana wa boda wakajaa, mmoja kashaleta ndoo ya maji ya baridi anataka kuimwaga juu ya injini ipoe chap. Baba mdogo alipiga ukelele ambao sijawahi kumsikia nao, "Wewe! Unataka kuipasua?" Maana bloku ya ile injini ni chuma na hedi yake ni aluminiamu, zimebanwa pamoja na gasketi katikati, ukizimwagia maji ya baridi ghafla zikiwa za moto haziwezi kusinyaa sawasawa, hedi inapinda au inapata ufa. Hapo sasa ulikuja na tatizo la elfu kumi unaondoka na la laki tano. Kijana akanawa uso na yale maji akaenda zake.

Mfuniko wa rejeta hatukuugusa karibu dakika arobaini. Hapa nasema kwa herufi kubwa maana namjua mtu mwenye alama kifuani mpaka leo: USIFUNGUE IKIWA YA MOTO. Maji yale yamebanwa na presha, yana joto kuliko maji yanayochemka jikoni, ukifungua presha inatoka, mengine yanageuka mvuke hapo hapo na mengine yanakurukia ya moto usoni. Sisi tulishika kwanza hozi ya juu, ilipokuwa laini inabonyezeka ndo baba mdogo akaweka tambara, akazungusha kidogo, ikalia fyuuu, akasubiri, akamalizia. Ilipungua kama lita moja na nusu. Tukajaza maji ya chupa tukaondoka, sabini kwa sabini mpaka Kaliua, tumefika jioni, mwendo wa kilomita mia na kitu umetula siku nzima. Gesti elfu kumi na tano, maji ya kuoga ya ndoo. Nimelala nawaza gasketi.

Siku ya pili, Alhamisi

Asubuhi saa kumi na mbili nimetoka namkuta baba mdogo kashafungua boneti, kavaa kandambili, kasema niwashe gari nisikanyage mafuta. Mkono mmoja kaweka kwenye hozi ya juu ya rejeta, mwingine kaupenyeza chini kwenye hozi ya chini, kafumba macho kabisa kama anasikiliza mapigo ya mgonjwa. Dakika tano, kumi, kumi na tano. Nikamuuliza vipi, akasema, "Zote zinapata uvuguvugu pamoja. Hazikutakiwa. Ya chini ilitakiwa ikae baridi kwanza, halafu ije ishtuke." Na mshale dakika zote hizo umenyanyuka kidogo tu. Akaniuliza, "Themostati imo humu?" Hiyo ni ile vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto. Nikamjibu imo baba mdogo, fundi wangu wa Tabora aliicheki yote mwezi wa tano, ni fundi wa miaka mingi. Akakaa kimya. Akaandika na hiyo.

Tukaenda gereji moja pale mjini, chini ya mwarobaini. Fundi wa kwanza hakugusa kitu, kaangalia tu kasikiliza maelezo nusu akasema gasketi hiyo imeungua, tushushe hedi, laki tatu na nusu, itachukua siku mbili. Moyo ulinipasuka, kwanza hela sina, pili harusi. Baba mdogo akamuuliza kwa upole, "Umejuaje mwanangu?" Akasema uzoefu. Mzee akasema sawa, tuangalie pamoja.

Hii sehemu naiandika taratibu maana hapa ndo watu wengi wanaliwa hela. Tulichomoa stiki ya oili, oili nyeusi ya kawaida, hamna ule rangi wa chai ya maziwa. Tukafungua mfuniko wa oili juu, chini yake hamna utelezi mweupe. Tukaangalia moshi gari ikiwa imepata moto, hamna moshi mweupe unaoendelea, maana ule wa asubuhi wakati gari ya baridi ni mvuke wa kawaida tu. Halafu tukasubiri ipoe, tukafungua rejeta, tukawasha na mfuniko ukiwa wazi tukachungulia. Vipovu viwili vitatu vikatoka vikaisha, hiyo ni hewa iliyobaki baada ya kujaza maji Urambo. Gasketi ikiwa imekufa mapovu hayaishi, yanakuja mfululizo kila silinda inapolipuka, na hozi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha wakati injini hata moto haijapata. Yetu laini. Fundi wa gasketi akasema ana gari nyingine ya kuangalia.

Akabaki kijana wake, mdogo hata ndevu hana, mjanja sana yule dogo. Alichomoa soketi ya sensa ya feni, na feni ikawaka hapo hapo kwa nguvu. Akanieleza hizi gari zimetengenezwa hivyo, waya wa sensa ukikatika feni inazunguka muda wote badala ya kulala, kwa hiyo kama feni haiwaki njiani na umekwama, chomoa hiyo soketi, ikizunguka ujue feni na fyuzi ni nzima, mbovu ni sensa. Mi na digrii yangu nilikuwa sijui. Akabonyeza belti ya wota pampu, imekaza. Akapitisha tochi chini ya pampu kwenye kile kitundu kidogo, kukavu, maana sili ikianza kufa maji yanalia pale. Halafu akashika mfuniko wa rejeta akaugeuza, akacheka.

Raba ya ndani ilikuwa imekauka imepasuka nusu duara, unaweza kuingiza ukucha. Na hapa fizikia ikanikumbuka. Tabora iko juu kama mita 1,200, maji ya wazi kule yanachemka kwenye 96 hivi, hayafiki 100. Mfuniko mzima umeandikwa 0.9, unabana presha karibu mara mbili ya hewa ya nje, ndo maana maji ya rejeta yanaweza kufika 115 na zaidi bila kuchemka. Raba ikipasuka presha hamna, umerudi kwenye sufuria ya chai. Nimefundisha hii kitu kidato cha tatu na cha nne mara ngapi sijui, nachora mpaka grafu, na mfuniko wangu mwenyewe sijawahi kuugeuza.

Dogo akapata mfuniko wa 0.9 kwenye Corolla iliyopigwa mzinga pale nyuma, raba bado laini, elfu tano. Akashauri na rejeta tuisafishe, tukakubali, tukaifungulia chini ikatoka maji ya kahawia rangi ya kutu, tukapitisha mpira wa maji mpaka yakatoka meupe. Hiyo kutu ni bloku inaliwa, mwaka mzima nimeweka maji ya bomba tu bila kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta inayozuia kutu. Hela ya dogo jumla elfu ishirini na tano, tukampa thelathini.

Tumeondoka saa tisa mchana nina furaha naimba. Nikakanyaga tisini, mia. Baba mdogo anaangalia saa yake. Dakika kumi na mbili, mshale huo.

Tofauti ni moja, safari hii maji hayakupungua hata tone, tulipima. Kwa hiyo mfuniko ulikuwa kosa la kweli ila halikuwa peke yake. Tukarudi sabini. Usiku tumelala Nguruka, nimekula perege wa kukaanga na ugali hata sikusikia ladha, baba mdogo kala wawili.

Siku ya tatu, Ijumaa

Asubuhi kabla ya kuondoka tumegombana kidogo, yaani mi ndo niligombana, yeye hagombani. Alikuwa ametandaza ile risiti mezani pamoja na chai, akawa ananisomea. Ikisimama haichemshi, kwa hiyo feni inafanya kazi na hatuhangaiki na feni tena. Ikikimbia inachemsha, na ikikimbia upepo wa kupoza upo wa kutosha, kwa hiyo kinachokosekana ni maji, hayapiti ya kutosha kwenye rejeta. Gasketi hapana, pampu haivuji na belti imekaza, rejeta tumeisafisha. "Imebaki njia," akasema. Alikuwa kashanituma niwashe gari niikanyage mpaka mizunguko elfu tatu kwa dakika yeye kachungulia hozi ya chini, kuna hozi zikizeeka zinanyonywa na pampu zinabonyea katikati kama mrija wa soda, gari ikipunguza zinarudi na fundi akija anakuta nzima. Yetu haikubonyea. "Fungua pale kwenye themostati." Nikamwambia baba mdogo, fundi alishacheki. Akasema, "Alikuonyesha?" Nikanyamaza. Tukaondoka hivyo hivyo kila mtu na dirisha lake.

Kumbukeni mwezi wa tano ilikuwaje. Gari ilichemsha nikiwa nimepaki nje ya shule nasubiri mtu na injini inaunguruma, nikampelekea fundi, akakaa nayo kama nusu saa mi nimekaa kwenye benchi nakunywa soda, akasema tayari mwalimu, hii haitakusumbua tena. Elfu ishirini. Na kweli haikusumbua, mshale ukawa haupandi kabisa, nikawa namsifia kwa watu. Mafuta yakawa yanaisha haraka, nikalaumu bei.

Tumevuka Daraja la Kikwete pale Malagarasi kama saa nne. Tulisimama dakika mbili, mto mpana una matete na maji yanaenda taratibu sana, baba mdogo akaniambia yeye mto huu anaujua kwa juu ya reli tu, hiyo reli imefika Kigoma 1914 na miaka yake yote ya kazi hajawahi kuupita kwa gari. Hiyo ndo sentensi ya kwanza tangu chai.

Uvinza saa sita, joto la kufa mtu. Gari ilikuwa imepanda tena kwenye kale ka mlima nikasimama karibu na duka la spea. Nikaona sasa nibadilishe maji yote nianze upya, kuna mama anauza maji ya kisima kwenye madumu, nikachukua dumu nikafungua. Baba mdogo kachovya kidole, kalamba, katema. "Ya chumvi haya." Uvinza ni kwenye chemchemi za chumvi, chumvi ya pale watu wanaichemsha tangu zamani za mababu, na visima vingine vina ladha yake. Ukiyaweka kwenye injini yanakula aluminiamu ya hedi na rejeta, na yakikauka yanaacha magamba ndani. Yule mama akasema ya kufulia hayo baba, ya kunywa yako kule. Mi nilishakunja mkono kumimina.

Pale nikasalimu amri. Tukasubiri ipoe, nikaomba spana ya kumi. Pale hozi ya chini inapoingia kwenye injini kuna kikombe cha aluminiamu kimefungwa na nati mbili, nikaweka beseni chini, nikafungua, maji yakamwagika, kikombe kikatoka. Nikaingiza kidole. Kidole kikazama. Ndani hamna kitu, tundu tupu, na pembeni kuna raba ya duara imebaki peke yake imebanwa vizuri, ya kuziba themostati ambayo haipo.

Baba mdogo hakusema nilikwambia. Alikaa kwenye jiwe akaomba maji ya kunywa.

Nieleze vizuri maana najua wapo wanaosema aa, huku kwetu joto, themostati ya nini, toa. Kwenye injini hizi maji yana njia mbili. Njia ndefu inapita kwenye rejeta inapoza, na njia ya mkato inazunguka humo humo ndani ya injini, ya asubuhi ili ipate moto upesi. Themostati ina sahani mbili kwenye mhimili mmoja. Gari ikiwa ya baridi ya juu imeziba njia ya rejeta, ya chini imeachia ya mkato. Ikipata moto nta iliyomo ndani inatanuka inasukuma, ya juu inafungua rejeta na ya chini inakwenda kuziba ule mkato. Ukiitoa yote, hamna wa kuziba mkato tena. Ni kama uzio wa shule wenye tundu, hata ufungue geti kubwa kiasi gani nusu ya wanafunzi watapita tunduni. Mjini ukitembea arobaini hayo maji machache yanayopita rejeta yanatosha na kuzidi, ndo maana mshale unalala na unamsifia fundi. Ukikanyaga mia na mizigo, injini inatoa moto mwingi na maji ya moto yanarudi kwenye injini bila kupoa. Kitabu cha ufundi cha hizi Toyota kimeandika kabisa, usitoe themostati hata kama injini ina tabia ya kuchemsha. Nimekuja kukisoma baadaye.

Duka la Uvinza halikuwa nayo. Tukarudisha kikombe, tukajaza maji ya kunywa, na kutoka pale mpaka Kigoma tulienda sitini na tano na hita imefunguliwa mwisho, feni ya ndani namba nne. Hita ni karejeta kadogo, inachukua moto wa injini inaumwaga kwenu. Yaani nje jua lile, ndani hewa ya tanuru miguuni, madirisha yote chini, baba mdogo kavua shati kabaki na singlendi anajipepea na mfuniko wa lile dumu. Kazuramimba watoto walituonyeshea vidole. Mshale haukuvuka nusu. Saa kumi na mbili na robo tumeiona Tanganyika kwa chini, jua linaingia upande wa Kongo.

Siku ya nne, Jumamosi

Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, maduka ya spea. La kwanza muuzaji kanipa themostati nzuri inang'aa, saizi ni ile ile, elfu kumi na mbili, mi nishatoa hela. Baba mdogo kaigeuza chini juu. "Sahani ya chini iko wapi?" Haina. Ina ya juu tu. Muuzaji anasema mzee hiyo inaingia gari zote, na kweli ingeingia, ingekaa vizuri kabisa kwenye tundu na mkato ungebaki wazi vile vile, na ningerudi Tabora naapa kwamba themostati mpya nimeweka na bado inachemsha. Tumezunguka maduka manne. La tano alikuwa nayo, sahani mbili, imegongwa 82, yaani nyuzi inazoanza kufunguka, bei elfu ishirini na nane hapunguzi.

Kwa shangazi Gungu jiko limejaa wanawake wa harusi, sisi tunaingia na kitu cha chuma tunaomba sufuria. Shangazi akasema, "Kaka, sufuria yangu ya maziwa unachemshia vyuma?" Baba mdogo akamwambia chuma kipya, hakina hata vumbi. Tukaifunga na uzi ining'inie isiguse kitako cha sufuria, maana pale moto ni mkali utadanganyika. Maji yakaanza kutoa mvuke, vipovu vidogo vikashika pembeni, bado imefunga. Kabla hayajachemka, ghafla ukaona mwanya mwembamba kama ukucha, ukaongezeka, na chini ile sahani ikashuka. Yalipochemka mwanya ukawa unaingia kalamu. Tukaitoa nje, ikajifunga taratibu. Wanawake wote wameacha kukata vitunguu wanaangalia. Bibi harusi mwenyewe kauliza hiyo ndo nini, nikamweleza, kasema kwa hiyo ni mlinzi wa geti. Kaelewa kuliko mi mwezi wa tano.

Kufunga ni dakika ishirini. Kuna kapini kadogo kanachezacheza pembeni ya themostati, hako kanakaa juu ili hewa ipite, ukikaweka chini hewa inabanwa. Raba mpya, nati mbili zisikazwe kwa hasira maana zinakatika. Kulanti nusu na maji ya chupa nusu. Kigoma milima haikosekani, tukapaki gari pua juu kwenye mteremko wa pale kwa shangazi, hita wazi, mfuniko wazi, tukawasha tukawa tunaminya hozi ya juu kwa mkono. Ikawa inatoa bluup, inashuka, tunaongeza, bluup nyingine. Watu wengi wanajaza wanafunga wanaondoka, ile hewa inakaa kwenye hedi na gari inachemsha na maji yapo. Baada ya kama dakika kumi na tano baba mdogo kaniita nishike hozi ya chini. Baridi. Nimeshika hivyo hivyo, baridi, baridi, halafu ikaja moto ghafla mpaka nikaondoa mkono. "Ndo huko kushtuka," akasema.

Siku ya tano, Jumapili

Harusi. Migebuka, wali, mawese kila mahali mpaka kwenye tai yangu. Baba mdogo kavaa suti haina hata kunjo.

Siku ya sita, Jumatatu

Tumetoka Kigoma saa kumi na moja alfajiri, buti imejaa dagaa na madumu ya mawese. Kutoka ziwani ni kupanda, ziwa liko mita 770 hivi na Tabora ni 1,200, na mizigo ilikuwa mizito kuliko ya kwenda. Baada ya Kidahwe nikakanyaga mia. Dakika kumi. Ishirini. Mshale umepanda mpaka karibu na nusu, umesimama pale, haushuki haupandi, mi sikuwa nimeuona umekaa hapo tangu mwezi wa tano nilidhani hapo ni juu mno. Uvinza tumepita bila kusimama. Malagarasi, Nguruka, Kaliua tumesimama kumsalimia yule dogo, tumempa kisado cha dagaa, kafungua boneti mwenyewe kashika hozi, kachekelea. Tabora saa kumi na moja jioni. Mafuta, lita moja ilikuwa inanipeleka kilomita kumi, kurudi imenipeleka kumi na tatu.

Jumanne

Nimepita kwa fundi wangu baada ya vipindi. Sikwenda kugombana, ni mtu mzima kwangu, nimemsalimia shikamoo, nikamwambia kaka ile themostati ya gari yangu mwezi wa tano ilikuwaje. Akasema niliitoa, huku joto mwalimu, hizi wameweka kwa ajili ya kwao Japani kwenye barafu. Halafu kwa roho nzuri kabisa akasema, "Ila kitu chako kipo, sikutupa." Akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga, akalimwaga kwenye meza. Themostati. Nimehesabu kumi na saba. Akawa anazipekua anazigeuza anatafuta yangu, "Hii ya Noah... hii ya yule mzee wa Ipuli... hii ya padri..."

Yangu akaipata. Nimeifunga uzi nimeichemsha nyumbani usiku ule, imefunguka vizuri tu.